Sherehe Moja, Watoto Wawili: Kila Mmoja na Umri Wake



Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunapenda kuzungumza na wazazi na walezi juu ya sherehe ya siku ya kuzaliwa ya watoto wadogo, hasa pale ndugu wawili wanapofanyiwa sherehe moja. Huenda wengine watashangaa na kuuliza: keki na soda zina uhusiano gani na afya? Tukifuatana hadi mwisho tutaona kwamba uhusiano upo, tena mkubwa.

Hapo zamani siku ya kuzaliwa haikuwa na uzito sana kwetu. Mzee wa Usambara akiulizwa umri wake, mara nyingi alitaja tukio: njaa fulani, vita fulani, au mwaka wa mvua kubwa. Familia nyingi za Kikatoliki zilikumbuka zaidi siku ya somo, yaani mtakatifu ambaye mtoto amebatizwa kwa jina lake. Keki yenye mishumaa ni desturi iliyotoka mbali. Huko Ujerumani inajulikana tangu karne ya 18. Lakini leo imeshafika kwetu. Kuanzia Soni hadi Mlalo na Mtae, mtoto wa darasa la awali anaijua tarehe yake, na ikikaribia anaidai.

Kwa familia ya mkulima, kufanya sherehe mbili katika kipindi kifupi ni mzigo. Ndiyo maana wazazi wengi huamua kuziunganisha. Tuchukue mfano wa nyumba yenye msichana anayetimiza miaka 5 mwezi Novemba, na mdogo wake wa kiume anayetimiza miaka 2 mwezi Januari. Baba na mama wanachagua Jumamosi moja ya Desemba, katikati ya tarehe hizo mbili. Wageni ni wale wale, sufuria ni zile zile, na gharama ni moja. Sisi tunasema huo ni uamuzi wa busara. Hakuna sababu ya kukopa VICOBA kwa ajili ya keki.

Lakini kuna jambo moja la kukumbuka. Sherehe ni moja, umri si mmoja. Kinachomfurahisha mtoto wa miaka 5 kinaweza kumuua mtoto wa miaka 2. Na shida ya kiafya ya mtoto mmoja inaweza kujificha nyuma ya uchangamfu wa mwenzake. Kwa hiyo kila jambo la siku hiyo tulipime mara mbili: mara moja kwa mkubwa, na mara moja kwa mdogo.

KUCHAGUA SIKU NA SAA

Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Miezi ya Juni hadi Agosti ni ya baridi na ukungu, na miezi ya masika, Machi hadi Mei, njia za mlimani huteleza vibaya. Kama tarehe za watoto zinaruhusu, likizo ya Desemba ni nzuri: shule zimefungwa, na plamzi zinaiva.

Sherehe ianze mapema, kama saa 5 asubuhi, na imalizike saa 9 alasiri. Mtoto wa miaka 2 anahitaji kulala mchana. Akikosa usingizi atalia na hatakula. Tena watoto wa majirani watarudi makwao kukiwa bado kweupe. Tunazijua njia zetu: upande mmoja ukingo, upande wa pili bonde. Si njia za kumpitisha mtoto gizani.

KADI KABLA YA KEKI

Wiki moja kabla ya sherehe, wazazi wakae wafungue kadi za kliniki za watoto wote wawili. Hii ndiyo zawadi ya kwanza, na haina gharama.

Kwanza watazame chanjo. Mtoto anayekaribia miaka 2 awe amepata chanjo zote za wiki 6, wiki 10 na wiki 14, na chanjo ya surua na rubela mara mbili: akiwa na miezi 9 na akiwa na miezi 18. Hii ya pili ndiyo husahaulika sana, kwa sababu mtoto ameshaanza kutembea na mama haendi tena kliniki kila mwezi. Pili, watazame vitamini A, ambayo mtoto hupewa kila baada ya miezi 6 tangu anapofikisha miezi 6 hadi miaka 5, na dawa ya minyoo, ambayo huanza akiwa na mwaka 1. Pengo likionekana, wampeleke zahanati bila kuona haya.

Tatu, watazame mstari wa uzito. Je, unapanda, umelala, au unashuka? Hapa tunawasihi wazazi wasitazame kadi moja tu. Mara nyingi jicho la mama liko kwa mdogo, kwa kuwa ndiye anayebebwa mgongoni. Lakini mkubwa naye yuko katika hatari yake. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika juu ya ugonjwa ambao wenyeji waliuita kwashiorkor, ambao sisi tunauita kwashakoo. Maana ya jina hilo ilikuwa ugonjwa unaompata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa. Wazee wale walikuwa wameona kweli: mtoto anaachishwa ziwa kwa haraka, anapewa uji mtupu, na nguvu zinamwishia.

Udumavu nao hauonekani kirahisi, kwa sababu mtoto aliyedumaa anaweza kuwa mchangamfu na mwenye mashavu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka 5 nchini Tanzania wamedumaa. Siku ya kuzaliwa ni nafasi nzuri ya kuwasimamisha wote wawili ukutani na kuweka alama ya kimo, kila mmoja na alama yake na tarehe yake. Mwaka ujao alama hiyo itatuambia mengi.

Na kama kuna mtoto ambaye bado hana cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wazazi waanze kulishughulikia sasa. Haipendezi kusherehekea tarehe ambayo haijaandikwa popote.

CHAKULA: KILA MTOTO NA SAHANI YAKE

Kila siku malori huteremka kutoka milimani kwetu yakiwa yamejaa kabichi, karoti, viazi na matunda kwenda kuuzwa Tanga na Dar es Salaam. Barabara hiyo hiyo ya Mombo hupandisha kreti za soda. Tujiulize: chakula bora kimekwenda wapi, na watoto wetu wamebaki na nini?

Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko vidogo 9. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ambayo mtu anapata katika chakula chake cha siku. Kwa mtoto mdogo, chupa hiyo moja inavuka kiwango hicho kabla hajagusa keki. Zaidi ya hayo soda hujaza tumbo, na mtoto hawezi tena kula kuku wala maharage. Hatusemi soda ni dhambi. Tunasema mkubwa anaweza kupewa nusu glasi baada ya kula. Mdogo anywe maji yaliyochemshwa au maziwa.

Mlo mzuri wa sherehe unaweza kutoka shambani na bandani: wali au viazi, maharage yaliyoungwa kwa karoti, kuku au mayai, mboga za majani, na matunda. Kwa mtoto wa miaka 2 nyama ichambuliwe vipande vidogo na mifupa itolewe. Plamzi zitolewe kokwa na kukatwa.

Tunaomba sana kila mtoto awe na sahani yake. Sinia moja hupendeza kwa wakubwa, lakini watoto wakila pamoja, wa miaka 5 hula haraka na wa miaka 2 hubaki anachezea punje. Mama akiona sinia jeupe hudhani wote wameshiba. Sahani mbili humwonyesha nani amekula na nani hakula. Na desturi hii isiishie siku ya sherehe.

PILAU LA JANA NA MAZIWA MABICHI

Kwa sababu wageni ni wengi, akina mama wengine hupika pilau usiku na kuliacha kwenye sufuria hadi mchana wa pili. Hili ni hatari. Katika wali uliopoa na kukaa, vijidudu huzaliana na kutoa sumu ambayo haiondoki hata wali ukipashwa moto tena. Watu wazima wataumwa tumbo na kutapika, kisha watapona. Mtoto mdogo anaweza kuishiwa maji mwilini kwa muda mfupi. Pika siku hiyo hiyo, na chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2.

Maziwa ya ng'ombe wetu wa bandani ni mazuri, lakini yachemshwe. Maziwa mabichi yanaweza kuleta ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao kwa binadamu husababisha homa ya muda mrefu, na pia kifua kikuu. Asali nayo asipewe mtoto wa chini ya mwaka 1, hata kama bibi ameileta kwa upendo.

Karibu na mlango ining'inizwe kibuyu chirizi, au iwekwe ndoo yenye koki, pamoja na sabuni. Watoto wanawe kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Na mtoto mwenye homa, vipele au kuhara abaki nyumbani kwao. Apelekewe sahani yake huko.

VITU VINAVYOKABA KOO

Marafiki wa mkubwa watakuja na pipi mifukoni. Mezani kutakuwa na karanga na bisi. Ukutani kutatundikwa maputo. Vitu hivi vyote ni furaha kwa mtoto wa miaka 5, ingawa naye akae chini anapokula. Kwa mtoto wa miaka 2 vinaweza kuwa kifo. Koo lake ni jembamba, na meno ya kusagia hayajakamilika. Kipande cha puto lililopasuka ni kibaya zaidi, maana hunata kooni na kuziba kabisa. Puto likipasuka, mtu mzima aokote vipande mara moja.

Kila mzazi ajue la kufanya mtoto akipaliwa. Kama anakohoa kwa nguvu au analia, mwache akohoe, ila usimwondokee. Kama hawezi kukohoa, hatoi sauti, au midomo inageuka rangi ya bluu, fanya hivi:

1. Mtoto wa chini ya mwaka 1: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua. Mpige mgongoni katikati ya mabega mara 5 kwa kitako cha kiganja. Kisha mgeuze chali na umbonyeze katikati ya kifua mara 5.

2. Mtoto wa zaidi ya mwaka 1: mwinamishe mbele, umpige mgongoni mara 5 vivyo hivyo. Isipotoka, simama au piga magoti nyuma yake, zungusha mikono, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, na uvute ndani kuelekea juu mara 5.

3. Rudia kwa zamu hadi kitu kitoke, huku mwingine akitafuta usafiri wa kwenda hospitali. Usiingize kidole kooni bila kuona kitu chenyewe. Unaweza kukisukuma ndani zaidi. Hata kikitoka, mtoto aliyebonyezwa tumbo apelekwe akaangaliwe.

MOTO, MKAA NA MAJI

Siku ya baridi wengi wetu huingiza jiko la mkaa ndani ili watoto wapate joto, kisha hufunga milango na madirisha. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na mara nyingi mtu hulala asiamke tena. Watoto waliochoka kwa michezo wakilala chumba chenye jiko, hakuna atakayeshtuka, maana kila mtu atadhani ni uchovu. Jiko libaki nje. Ndani tutumie sweta, soksi na mablanketi.

Vijana nao wana mtindo wa kummwagia maji mwenye siku yake. Wao kwa wao, shauri lao. Lakini mtoto wa miaka 2 hupoteza joto haraka mno, na katika hewa ya Magamba au Shume maji hayo si mzaha. Mjomba au shangazi anayekuja na ndoo azuiwe mlangoni kwa upole.

Sufuria na chai ya moto viwekwe mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Mtoto akiungua, mmwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha funika jeraha kwa kitambaa safi na umpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno, unga, mafuta wala yai.

KEKI YENYEWE

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walipima keki ambayo mishumaa yake ilipulizwa. Waligundua kwamba bakteria juu ya sukari ya keki waliongezeka kwa wastani mara 14 hivi. Kwa watu wenye afya hatari si kubwa, lakini kama mpulizaji ana mafua au kikohozi, anagawa ugonjwa wake kwa wote. Katika sherehe ya watoto wawili wapulizaji ni wawili, na marafiki huja kusaidia.

Dawa yake ni rahisi. Kila mtoto apewe andazi au kipande chake kidogo chenye mshumaa mmoja. Kila mmoja aimbiwe kwa jina lake na apulize cha kwake, mtu mzima akiwa karibu, nywele na nguo za nailoni zikiwa mbali na moto. Keki kubwa ikatwe bila kupulizwa. Na ile desturi ya kulishana kwa uma mmoja kinywa hadi kinywa tuiache. Vijiti vya meno ni vya bei ndogo, kila mgeni na cha kwake, na vikusanywe baadaye.

WIVU UNA MAUMIVU YAKE

Afya si mwili tu. Sote tunakumbuka kanzu ya Yosefu ilivyowachoma kaka zake. Wageni wakija na zawadi kwa mmoja tu, mwingine ataumia, naye hana maneno ya kusema. Atapiga, atakojoa kitandani au atakataa chakula. Wazazi wawaambie wageni mapema kwamba sherehe ni ya wote wawili. Zawadi si lazima zilingane: mkubwa daftari na kalamu za rangi, mdogo mpira mkubwa usioingia kinywani. Tarehe halisi ya kila mtoto ikifika, apewe kitu kidogo cha peke yake, kama kuchagua mboga ya siku hiyo, au kutembea na baba hadi sokoni.

Na mwisho, ateuliwe mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuwatazama watoto tu. Asipike, asipokee wageni, asinywe. Sherehe ya watoto isigeuke kilabu cha pombe ya miwa, kila mtu akidhani mwenzake ndiye anayemtazama mdogo.

KWA UFUPI

Kadi mbili zikaguliwe. Sahani mbili, mishumaa miwili. Karanga, pipi na maputo mbali na mdogo. Pilau la siku hiyo hiyo, maziwa yaliyochemshwa, mikono iliyonawa. Jiko la mkaa nje. Mtu mmoja macho kwa watoto.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nyumba ikiwa na watoto wawili, malezi ni mawili. Tunawatakia sherehe njema, na hadi mwezi ujao, afya njema kwenu nyote.